Vesti za kuzuia risasi za mtumba kwenye ambulensi: zinafaa ama hazifai?

Dada mmoja paramediki wa ambulensi za kaunti kule Garissa ameniandikia, nafupisha swali lake. Wameletewa vesti za kuzuia risasi zilizotolewa msaada na kikosi kimoja cha zimamoto Marekani, lebo inasema kiwango cha IIIA, zimetengenezwa 2015. Kwa sasa zinakaa kwenye buti ya ambulensi. Dereva wao anasema vesti haiexpaya, msimamizi anataka zioshwe na Jik kwa sababu mbili zina madoa ya damu, na askari mmoja rafiki yao amejitolea kupiga moja risasi waone kama bado kali. Yeye anachotaka kujua ni kama zitamkinga na AK wakiitwa mahali kuna shambulio, na azitunze vipi.

Dada yangu, asante, na nimefurahi umeuliza kabla ya kuvaa. Naanza na AK manake hapo ndo roho ya mtu iko: hapana, haizuii. Sio kwa sababu ni mzee, hata ingekuwa imetoka kiwandani jana, IIIA haikutengenezwa kuzuia bunduki ndefu. Hiyo ni vesti laini, ndani kuna tabaka nyingi za kitambaa cha nyuzi kali sana, mara nyingi Kevlar ambayo Stephanie Kwolek aligundua nyuzi zake pale DuPont mwaka 1965, ama plastiki ya poliethilini kama Dyneema, na inafanya kazi kama wavu wa goli, risasi ya bastola ikija ni laini, ya madini ya ledi, inapondeka ikigonga, inakuwa bapa, nyuzi zinaikamata na kuisambazia nguvu yake eneo kubwa. Risasi ya AK ni nyembamba, mbele ina ncha, ndani ina kiini cha chuma, na inaenda mita 700 na zaidi kwa sekunde wakati zile bastola wanazopimia IIIA zinaenda kama mita 440. Inapita. Kwa hiyo ukisikia mtu kazini anasema "hii ni buletprufu" mwambie hakuna kitu kinaitwa hivyo, kuna vesti ya risasi fulani na basi.

Hizo herufi na namba zinatoka taasisi ya serikali ya Marekani inaitwa NIJ, ndo inayoweka viwango vya vesti za polisi. Kiwango chao cha 2008, kinaitwa 0101.06, kina IIA, II na IIIA kwa bastola, alafu III na IV kwa bunduki ndefu, na hizo mbili za mwisho unahitaji bamba gumu, la seramiki ama plastiki nene ama chuma. III ilipimwa na risasi ya 7.62 kwa 51 (namba hizi ni saizi ya risasi na ganda lake kwa milimita), ile ya bunduki ya G3, na IV ikapimwa na risasi ya kutoboa vyuma ya .30-06. Sasa hapo watu wengi hudanganyika, wanadhani bamba la III likizuia risasi kubwa ya G3 basi ndogo zote zimekwisha, kumbe kuna bamba za III za poliethilini ambazo risasi ndogo ya 5.56 yenye ncha ya chuma inapita. Ndo maana Novemba 2023 wakatoa kiwango kipya, 0101.07, na majina mapya: HG1 na HG2 za bastola, RF1, RF2 na RF3 za bunduki ndefu. RF1 imepimwa na risasi ya AK yenyewe, 7.62 kwa 39, kwa hiyo siku mwajiri wako akitaka kununua kitu cha mazingira yenu, asiandike tu "bullet proof" kwenye tenda, aandike RF1 kama kiwango cha chini, na aseme kama bamba linasimama peke yake ama linahitaji vesti laini nyuma yake, kwa sababu zipo bamba ambazo bila ile laini nyuma hazifikii kiwango kilichoandikwa.

Turudi kwa umri. Dereva wenu amekosea, lakini hata wale wanaosema siku ya mwisho ya waranti vesti inakufa wamekosea kidogo. Kampuni nyingi hutoa waranti ya miaka 5 kwa vesti laini, na idara nyingi za Marekani hubadilisha miaka hiyo ikifika, ndio maana zilizobaki zinapewa watu wengine kama msaada. Zenu za 2015, kama ni hiyo miaka 5, waranti yake iliisha 2020 hivi. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza hawezi tena kukuahidi chochote, sio kwamba nyuzi zimekatika usiku huo. Zipo vesti zimetunzwa vizuri miaka kumi na bado zinazuia, na zipo za miaka mitatu zimekwisha kwa joto na jasho, na shida yenyewe ni kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kuna kisa kila mtu anayevaa hivi vitu anafaa kukijua. Miaka ya tisini mwishoni zilitoka vesti za nyuzi zinaitwa Zylon, kutoka kampuni ya Toyobo ya Japani, nyembamba, nyepesi, polisi wa Marekani wakazipenda sana. Juni 2003 polisi mmoja wa Forest Hills, mji mdogo jirani na Pittsburgh, akapigwa risasi ya bastola ambayo vesti yake ilitakiwa kuizuia kabisa, na ikapita ikamjeruhi vibaya. Vesti yenyewe haikuwa nzee, ilikuwa na miezi tu. Walipochunguza wakaona Zylon inaharibika ikikutana na unyevu na joto, yani mwili wa mtu tu anayetoka jasho unaimaliza, na Agosti 2005 NIJ ikazifutia kibali vesti zote za Zylon. Zenu ni za 2015 kwa hiyo sio Zylon, lakini ukiletewa msaada mwingine wenye tarehe za kabla ya 2005, soma lebo ya paneli, ile sehemu ya ndani inayozuia risasi, ukiona Zylon ama PBO (jina lingine la nyuzi hizo hizo) usivae, usimpe mtu.

Na ile kisa ndo iliwafanya NIJ kwenye kiwango cha 2008 waanze kutesa vesti kabla ya kuzipiga risasi. Wanaziweka kwenye pipa linalozunguka siku 10, nyuzi joto 65, unyevu asilimia 80, mizunguko 72,000, alafu ndo wanapiga. Angalia vile vitu vitatu walichagua: joto, unyevu, kukunjwakunjwa. Hapo ndipo utunzaji wote uko, na hapo ndipo buti ya ambulensi inanitia wasiwasi sana.

Buti Garissa, saa nane mchana, gari limesimama kwa jua, wewe mwenyewe ukishika chuma unaungua. Poliethilini haipendi joto, inayeyuka kwenye nyuzi 150 hivi lakini inaanza kupoteza nguvu mbali sana kabla ya hapo, na gundi zinazoshikilia tabaka pamoja nazo zinalegea. Kevlar inavumilia joto zaidi lakini jua lenyewe, ile miale, inaila, na ikilowa maji inapungua nguvu mpaka ikauke, ndio sababu paneli hufungwa ndani ya mfuko uliozibwa usiopitisha maji wala mwanga. Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hii, zitoe kwa buti. Ziwekwe ofisini kwa shelfu, zimelazwa flati, hakuna kitu juu yake, sio kukunjwa kwenye mkoba, sio kuning'inizwa kwa mikanda kwenye msumari, manake mikanda ya lastiki inavutika na paneli inajikunja chini. Mkianza shifti mnazibeba ndani ya kabini mlipo nyinyi, shifti ikiisha zinarudi shelfu. Najua ni usumbufu na najua gari linaitwa ghafla, lakini vesti iliyolala buti miezi ya kiangazi mimi siwezi kukwambia ina nguvu gani, na hakuna mtu anaweza.

Jik hapana, hapana kabisa. Klorini inakula nyuzi za Kevlar na inaharibu ule mfuko uliofunga paneli. Vesti ina sehemu mbili, kava la nje la kitambaa, na paneli ndani ambazo zinatolewa. Fungua zipu ama velkro, toa paneli zote mbili, mbele na nyuma, na kabla hujazitoa piga picha uone upande gani unaangalia mwilini, kwa sababu nimeona paneli nyingi sana zimerudishwa kichwa chini miguu juu ama upande wa mwili umeangalia nje. Kava peke yake ndo linaoshwa, kwa mkono, maji baridi ama vuguvugu, sabuni ya kawaida kidogo, bila softena, unafunga velkro kwanza isije ikakwaruza kitambaa, unaanika kivulini. Paneli haizamishwi kwenye maji, haiendi kwa mashine, haipigwi pasi, haikamuliwi. Unachukua kitambaa kimelowa maji na sabuni kidogo, unapangusa ule mfuko wa nje, unapangusa tena na kitambaa cha maji matupu, unailaza flati kivulini penye hewa mpaka ikauke kabisa, ndo unairudisha. Ukiirudisha mbichi kesho itanuka na huyo mvaaji mwenyewe ataitupa kona.

Sasa zile mbili zenye damu. Toa paneli uangalie ule mfuko wake. Kama mfuko ni mzima, hauna mpasuko wala tundu wala mshono ulioachia, damu imeishia juu, vaa glavu upanguse kama nilivyosema. Kava lililolowa damu sana usihangaike nalo, litupeni na takataka za hospitali mtafute kava lingine ama fundi awashonee, kava sio linalozuia risasi, ni mfuko tu. Lakini mfuko wa paneli ukiwa umepasuka na damu ama maji yameingia kwa nyuzi, hiyo vesti imekwisha kazi, usijaribu kuikausha. Na uwaulize waliotoa, kwa barua, kama damu hiyo ilitokana na mgonjwa ama na mvaaji, kwa sababu vesti iliyowahi kupigwa risasi ama kuingia kwenye ajali mbaya hairudi kazini, hata kama unaona shimo moja tu dogo pembeni.

Wakati paneli ziko nje zikague. Lebo kwanza: jina la kampuni, modeli, namba ya serial, kiwango, tarehe, na maandishi yanayosema upande gani ni wa mwili. Lebo ikiwa imefutika, hiyo weka kando, kwa sababu hujui ni nini. Modeli itafute kwenye orodha ya NIJ ya vesti zilizofaulu vipimo, iko mtandaoni bure, kuna kampuni zinabandika tu "NIJ IIIA" bila kupimwa popote. Alafu pitisha viganja polepole paneli nzima, unatafuta mkunjo uliobaki wenyewe hata ukiilaza, uvimbe, sehemu nyuzi zimerundikana chini na kona za juu zikawa tupu, ugumu kama wa kadibodi mahali palitakiwa kuwa laini. Ukipata hivyo, nje. Mkiwahi kupata bamba za seramiki nazo ni habari nyingine, hizo shida kubwa ni kuangushwa, linaanguka kwa sakafu ya simenti linapata ufa ndani na nje linang'aa tu. Nyinyi mna bahati mko na hospitali, ombeni mtu wa eksirei awapigie kila mwaka, ufa unaonekana.

Huyo askari mwambieni ahifadhi risasi zake. Maabara inapopima inaweka vesti juu ya udongo maalumu wa mfinyanzi, inapiga kwa kasi inayojulikana, na hata risasi isipopita wanapima shimo lililobonyea kwa udongo, likizidi milimita 44 vesti imefeli. Nyinyi mtaipachika kwa mti, mpige moja, isipopita mtafurahi mvae zile nyingine ambazo hazikupigwa na kila moja ina historia yake, ikipita mtakuwa mmejifunza kitu kuhusu ile ambayo tayari imeharibika. Hakuna faida, na kuna hatari ya risasi kudunda.

Namna ya kuvaa. Paneli ya mbele ianze chini kidogo ya kile kishimo cha koo, kama vidole viwili, na iishie juu ya kitovu, sio kwa mkanda wa suruali. Watu hupenda ndefu wakidhani inakinga zaidi, alafu wakikaa kwa gari inapanda inawakaba shingo, wanailegeza, na ikilegea ubavu unabaki wazi. Kwa hiyo ijaribu umekaa, sio umesimama mbele ya kioo. Piga magoti pia ukaguse kifua cha mwenzako kama unamkanda CPR, ukishindwa kunyoosha mikono saizi sio yako. Ubavuni paneli ya mbele na ya nyuma zipandane kama sentimita tano, ya mbele ikiwa juu. Na dada, za msaada nyingi zimekatwa kwa kifua cha mwanaume. Ukivaa hiyo kwapani kunabaki mwanya mkubwa na chini inasimama mbali na tumbo. Vesti za wanawake zipo, na kiwango kipya cha NIJ kimeongeza vipimo vyake, usikubali kuambiwa wewe ndo mwili wako una shida. Ndani vaa tishati nyepesi, isilale kwa ngozi.

Juu ya vesti sasa, hili nalikazia. Vesti nyeusi ama ya rangi ya jeshi inakufanya uonekane askari, na kwa wanaofyatua wewe sasa ni shabaha. Vaeni juu yake kizibao cha rangi kali chenye reflekta kimeandikwa AMBULENSI kubwa mbele na nyuma. Alama ya msalaba mwekundu ama hilali nyekundu inalindwa kisheria, msijichoree tu.

Umetaja shambulio. Garissa mnakumbuka Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu, ilianza alfajiri ikaisha jioni, watu 148 waliuawa, na waliofika kusaidia hawakuweza kuingia tu. Nilichoona ni kwamba vesti ikiingia kwa gari ndo ujasiri wa bure nao unaingia. Kikosi cha zimamoto cha Arlington, Virginia, walitengeneza utaratibu ambao umeigwa sehemu nyingi, matabibu wawili watatu wenye vesti wanaingia wakizungukwa na polisi wenye silaha, sehemu ambayo tayari polisi wamepita ila haijasafishwa kabisa, wanafunga damu inayovuja, wanatoa watu, hawabaki. Hawaendi kule risasi zinalia. Kama nyinyi na polisi wa kaunti yenu hamjawahi kufanya mazoezi hayo pamoja, basi vesti zenu ni za kusubiria nje penye ukuta, sio za kuingilia. IIIA pale nje bado ina maana, inazuia bastola na vipande vingi vya mlipuko, na kifua kikigonga usukani kwenye ajali inapunguza kitu. Kisu hiyo sihesabu, vesti ya kisu ni nyingine na ina kipimo chake, ncha inapenya katikati ya nyuzi. Shingo, kwapa, kinena na mapaja yako wazi muda wote, kwa hiyo turniketi, ule mkanda wa kukaza mkono ama mguu damu isivuje, iwe mahali mkono wowote unafika, sio ndani ya mkoba.

Ukimkuta aliyevaa vesti amepigwa, polisi ama mwenzako, usikate paneli, makasi yako ya nguo hayatapita kwa Kevlar utapoteza dakika. Kata mikanda ya mabegani na ya ubavuni, funua kama kitabu. Na kama risasi haikupita usimwache aende nyumbani ati yuko sawa. Ule mbonyeo unavunja mbavu, unachubua mapafu na moyo, unaweza kupasua ini ama wengu, anaongea vizuri alafu baada ya muda presha inashuka. Huyo anaenda hospitali, anapigwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya kifua, anaangaliwa kwa masaa.

Joto la kwenu nalo, kuvaa siku nzima mtaanguka. Mimi singezivaa kwa kila kolu ya mama mjamzito, ningeweka kanuni iliyoandikwa, mkipokea simu yenye neno risasi, bomu, ujambazi ama vurugu mnavaa kabla ya kuondoka stesheni, sio mkifika. Maji na ORS kwenye kabini, na aliyevaa kwa muda mrefu kazini abadilishwe na mwingine apumzike kivulini akiwa ameifungua.

Mwajiri ahakikishe kwa maandishi kwamba polisi na Bodi ya Leseni za Silaha wanajua mnazo, msije mkasimamishwa kwa roadblock mkaanza kujieleza. Kila vesti iwe na kadi yake, namba, tarehe, nani anavaa, ilikaguliwa lini, ilipatikana na nini. Kwa hizi zenu za 2015, zile ambazo mfuko ni mzima, lebo inasomeka, modeli iko kwenye orodha na paneli haina mkunjo, ningezitumia kwa muda mfupi kama bora kuliko shati tupu huku barua ya kuomba mpya ikiwa mezani kwa mkubwa. Zile zinazofeli andikeni kwa rangi kubwa kwenye paneli yenyewe MAZOEZI TU, mzitumie kufundishia vijana kukata mikanda na kumfunua mgonjwa, na zikichakaa hata kwa hilo zikatwekatwe, zisije zikatokea soko la mitumba mtu akanunua akiamini.